Seli Dhaifu Ndiyo Kipimo: Kazi ya Mhandisi wa Betri katika Usafiri wa Umeme

Mhandisi wa betri ni mtaalamu anayebuni, kuunda, kupima na kulinda chombo kinachohifadhi nishati ya pikipiki, bajaji, gari au basi la umeme. Mota ya umeme imekuwapo tangu karne ya 19. Kilichoizuia kutawala barabara ni betri. Betri ya risasi na asidi hubeba wati-saa 30 hadi 40 tu kwa kila kilo, hivyo chombo kilichotaka kwenda mbali kililazimika kujitwisha betri kwanza, abiria baadaye.

Njia ilifunguliwa na betri ya ioni za lithiamu. Stanley Whittingham aliweka msingi wake katika miaka ya 1970. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, wakiwa Oxford, walionyesha kwamba oksidi ya kobalti inafaa kuwa kathodi, yaani upande chanya wa seli. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani aliunda seli iliyo salama zaidi kwa kutumia kaboni kwenye anodi, upande wake hasi, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaiingiza sokoni. Wanasayansi hao watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Tangu mwaka 2010 bei ya betri hizi imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80, na kushuka huko ndiko kulikoiwezesha bodaboda kuanza kuacha petroli.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Chuo Kikuu cha Makerere kilizindua gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011. Pikipiki za umeme za kampuni ya Ampersand zilianza kubeba abiria Kigali mwaka 2019. Nairobi ina kampuni za Roam, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, na BasiGo, ambayo mabasi yake ya umeme yaliingia barabarani mwaka 2022. Rwanda iliamua kwamba, kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za biashara ya abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme.

Vyombo hivi vyote hutegemea kanuni moja. Betri ni seli nyingi zilizounganishwa, na uwezo wa betri nzima hukomea pale seli iliyo dhaifu kuliko zote inapokomea. Kazi ya mhandisi, tangu kuchagua kemia hadi kuirejeleza betri iliyochoka, ni kuhakikisha kwamba hakuna seli inayoachwa ichoke, ipate joto au iharibike bila kuonekana.

Seli na kemia yake

Seli ina sehemu nne. Anodi kwa kawaida ni grafiti iliyopakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Kathodi hupakwa juu ya karatasi ya alumini. Kati ya hizo mbili upo utando wa plastiki wenye vitundu vidogo mno, na kote humo mna elektroliti, kimiminika chenye chumvi ya lithiamu. Seli inapochajiwa, ioni za lithiamu hutoka kwenye kathodi, hupenya utando na kujipachika katikati ya tabaka za grafiti. Chombo kinapotembea, ioni hizo hurudi zilikotoka, na elektroni hupita njia ya nje, kwenye mota, ndipo gurudumu huzunguka.

Katika chaji za mwanzo, elektroliti inayogusana na grafiti huvunjika kidogo na kuacha ukoko mwembamba juu ya anodi. Ukoko huo ni kinga, maana huzuia elektroliti iliyobaki isiendelee kuvunjika kwa kasi. Hata hivyo haukomi kukua, na kila unapokua hula lithiamu ambayo ingebeba chaji. Ndiyo maana betri huzeeka hata ikiwekwa kabatini bila kutumika. Joto huuharakisha uzee huo, na seli iliyojaa pomoni huzeeka upesi kuliko iliyo na nusu ya chaji. Kwa hiyo betri zinazokaa ghalani kwa miezi huhifadhiwa mahali penye ubaridi, zikiwa na chaji ya kadiri.

Uamuzi mkubwa wa kwanza ni kathodi. Kathodi ya nikeli, manganizi na kobalti hutoa seli yenye wati-saa 200 hadi 250 kwa kilo, na volteji yake ya kawaida ni takriban 3.6. Kathodi ya fosfati ya chuma, iliyoelezwa na Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas katika miaka ya 1990, hutoa takriban wati-saa 160 kwa kilo kwa volti 3.2. Kwa gari dogo linalotakiwa kwenda mbali kwa chaji moja, kemia ya kwanza ina mvuto wake. Kwa pikipiki au basi linalofanya kazi kutwa kucha kwenye joto, fosfati ya chuma mara nyingi hushinda: hustahimili maelfu ya mizunguko ya kuchajiwa na kutumika, na oksijeni yake imeshikwa imara na fosforasi, kwa hiyo si rahisi kutoka na kuchochea moto seli inapopata joto kupita kiasi.

Uamuzi huo una uzito nje ya karakana pia. Takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi na Likasi, ambako migodi mikubwa hupakana na mashimo ya wachimbaji wadogo wanaoshuka ardhini bila vifaa vya kinga. Fosfati ya chuma haihitaji kobalti wala nikeli, lakini huhitaji lithiamu na grafiti kama nyingine. Lithiamu ipo Manono, Kongo. Grafiti ipo Mahenge na Lindi nchini Tanzania, na Cabo Delgado nchini Msumbiji. Mhandisi anayechagua kathodi huchagua pia ni mgodi upi utakaouza.

Hesabu ya betri moja

Kazi ya kupanga betri huonekana vizuri katika mfano mmoja wa pikipiki. Tuseme zimechaguliwa seli za fosfati ya chuma zenye uwezo wa ampea-saa 40 kila moja. Seli 24 zikiungwa kwa mfululizo, volteji zake hujumlishwa: 24 mara 3.2 ni volti 76.8. Uwezo katika ampea-saa haubadiliki, kwa hiyo nishati ni 76.8 mara 40, yaani wati-saa 3,072, au takriban kilowati-saa tatu. Seli zenyewe zitakuwa na uzito wa kilo 19 hivi. Ukiongeza kasha, nyaya, saketi na kishikio, betri hufikia kilo 25, uzito ambao mtu mmoja anaweza kuuinua bila kujiumiza.

Pikipiki iliyobeba abiria ikitumia wati-saa 40 kwa kilomita, na asilimia 10 ya chaji ikiachwa kama akiba, betri hiyo itakwenda kilomita 69. Mwendeshaji wa bodaboda mjini aghalabu hupita kilomita 100 kwa siku. Kumfungia betri mbili ni kuongeza uzito na gharama. Kumtaka asimame saa kadhaa achaji ni kumnyima riziki. Kutokana na hesabu hiyo, kampuni kadhaa za Afrika Mashariki zimechagua vituo vya kubadilishia betri: mwendeshaji huacha iliyokwisha, hupachika iliyojaa na kuondoka kwa dakika chache.

Kuunganisha kwa mfululizo kuna sharti lake. Mkondo uleule hupita katika seli zote 24, na seli za mfululizo hutembea kama msafara, ambao mwendo wake ni wa yule anayechechemea. Seli moja ikishuka hadi ampea-saa 32, betri nzima huwa ya ampea-saa 32, hata kama nyingine 23 bado zina 40. Kwa sababu hiyo seli hupimwa moja moja kabla ya kuunganishwa. Zenye uwezo na ukinzani wa ndani unaolingana huwekwa pamoja; zinazotofautiana hutengwa.

Joto, ukinzani na barabara

Kila seli ina ukinzani wa ndani, na mkondo unapopita kwenye ukinzani huzaa joto. Kiasi cha joto ni mkondo kuzidishwa kwa mkondo, kisha kwa ukinzani. Pikipiki inapopanda kilima ikiwa na abiria inaweza kuvuta ampea 60. Seli yenye ukinzani wa miliomu 1 itatoa joto la wati 3.6. Seli jirani ambayo ukinzani wake umefika miliomu 3 itatoa wati 10.8 kwa mkondo uleule. Hiyo ya pili hupata joto zaidi, na kwa kuwa joto huharakisha uzee, ukinzani wake huzidi kupanda. Mzunguko huo ukianza hausimami wenyewe.

Viungo navyo ni sehemu ya hesabu hiyo. Vipande vya shaba au nikeli vinavyounganisha seli hulehemiwa kwa leza au hubanwa kwa boliti. Kiungo kilicholegea huongeza ukinzani, na joto lake huingia moja kwa moja kwenye seli inayokigusa. Barabara ya murramu yenye matuta madogo ya mfululizo hutikisa betri maelfu ya mara kwa saa. Muundo uliobuniwa kwa lami tupu hauwezi kuvumilia miaka kwenye barabara hiyo. Kwa hiyo seli hubanwa ndani ya fremu, nyaya hufungwa zisisuguane na ukingo wa chuma, na boliti hukazwa kwa nguvu iliyopimwa na kuwekewa alama ya rangi ili fundi aone mara moja iliyozunguka.

Maji huhitaji uangalifu wake. Kiwango cha kinga cha IP67 humaanisha kwamba vumbi haliingii, na kwamba kasha linaweza kuzama mita moja kwa nusu saa bila maji kupenya. Lakini kasha lililofungwa kabisa hubadilika mgandamizo wa hewa linapopata joto mchana na kupoa ghafla kwa mvua, na mgandamizo huo huweza kuvuta unyevu kupitia mwanya mdogo wa mpira. Suluhisho ni kiwambo kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Kiwambo hicho, au vali iliyo kando yake, huruhusu pia gesi kutoka kwa upande uliochaguliwa, mbali na miguu ya mwendeshaji, ikiwa seli itaharibika.

Betri ya basi huwa na uwezo unaozidi mara nyingi ule wa betri ya pikipiki, kwa hiyo upepo pekee hautoshi kuipoza. Kimiminika huzungushwa katika mabamba yanayogusa seli na kupelekwa kwenye rejeta. Lengo ni kwamba seli ya katikati na ya pembeni zitofautiane kwa nyuzi chache tu, zisije zikazeeka kwa kasi tofauti.

Mfumo wa kusimamia betri

Ndani ya kila kasha kuna saketi inayosoma volteji ya kila seli, joto la sehemu kadhaa na mkondo wote. Seli ya fosfati ya chuma hairuhusiwi kupita volti 3.65 inapochajiwa, wala kushuka chini ya 2.5 inapotumika. Kwa kawaida haichajiwi chini ya nyuzi 0 za selsiasi, kwa sababu lithiamu huweza kuganda kama metali juu ya anodi, wala juu ya nyuzi 45 hivi. Seli moja ikivuka mpaka, saketi hukata umeme wa betri nzima.

Kujua chaji iliyobaki ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Katika kemia hii volteji karibu haibadiliki tangu asilimia 90 hadi 20 ya chaji, kwa hiyo volteji pekee haielezi kitu. Mfumo huhesabu umeme unaoingia na kutoka sekunde kwa sekunde. Kosa dogo la kipimo hujikusanya siku hadi siku, mpaka skrini ionyeshe asilimia 20 wakati betri inakaribia kuzima. Dawa ni kuijaza kabisa mara kwa mara, maana karibu na ukomo volteji hupanda ghafla, na hapo hesabu huanzishwa upya kwa uhakika.

Kusawazisha seli hufanyika kwenye ukomo huohuo. Zilizotangulia kujaa hupunguzwa chaji kidogo kupitia vikinzani, ili zilizo nyuma zizifikie. Mkondo wa kusawazisha mara nyingi ni mdogo, tuseme miliampea 100. Seli iliyotofautiana kwa ampea-saa moja itahitaji saa kumi. Kituo kinachotoa betri mara tu inapojaa hakitoi nafasi hiyo, na tofauti huongezeka wiki hadi wiki. Kwa hiyo ratiba ya kituo hupangwa ili kila betri ipate, mara kwa mara, usiku mmoja wa kukaa kwenye chaja.

Kilima kina funzo jingine. Pikipiki inaposhuka, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kigali ni mji wa vilima, na kituo kikiwa juu ya kilima, mwendeshaji hutoka na betri iliyojaa na kuanza kushuka papo hapo. Betri haina nafasi ya kupokea. Programu lazima ipunguze umeme unaorudi, na breki za kawaida ziwe na nguvu ya kutosha kusimamisha chombo bila msaada wa mota.

Kituo cha kubadilishia betri

Katika mtindo wa kubadilishana, betri ni mali ya kampuni, na mwendeshaji hulipia nishati anayotumia. Betri hupitia mikono mingi, na hakuna anayeijua historia yake isipokuwa betri yenyewe. Hivyo kila moja hupewa namba yake na kuhifadhi kumbukumbu za chaji, joto na hitilafu, kisha huzituma kwa mtandao wa simu. Wahandisi huzisoma kwa pamoja na kuiona seli inayoanza kuachwa na wenzake kabla mwendeshaji hajahisi lolote.

Adhuhuri ndiyo saa ya kupima busara ya muundo. Foleni ni ndefu, na betri zinazorudishwa zina joto la barabara na la jua. Betri ya ampea-saa 40 huchajiwa kwa takriban saa mbili ikipewa ampea 20, na kwa saa moja hivi ikipewa 40. Joto katika hali ya pili huongezeka mara nne kwa wakati uleule, kwa kuwa mkondo umezidishwa mara mbili. Kituo kinachostahili huipoza betri kwanza kwa feni, kisha huichaji, na huwa na akiba ya betri za kutosha ili haraka isigeuke mazoea.

Gharama ya kuichosha betri mapema humfikia mwendeshaji moja kwa moja. Betri inayodumu mizunguko 3,000, kwa wastani wa kilomita 60 kila mzunguko baada ya kuhesabu uchakavu, hutoa kilomita 180,000. Ikichoka baada ya mizunguko 1,500, hutoa 90,000, na bei ya betri kwa kila kilomita huwa maradufu. Tofauti hiyo hutoka mfukoni mwa mtu anayeishi kwa nauli. Kuitunza seli ni kumtendea haki.

Umeme wenyewe nao una saa zake. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji na upepo, na visima vya mvuke vya Olkaria huzalisha mchana na pia usiku, wakati ambapo mahitaji ya nchi yako chini. Mwaka 2023 Kenya ilianzisha bei maalumu ya umeme kwa usafiri wa umeme. Kituo kinachochaji polepole usiku hunufaika na bei nafuu, na seli hunufaika na ubaridi.

Majaribio na usalama

Betri ya lithiamu hairuhusiwi kusafirishwa kimataifa kabla ya kufaulu majaribio ya kipengele cha 38.3 cha mwongozo wa Umoja wa Mataifa. Huwekwa kwenye mgandamizo mdogo wa hewa kama ilivyo ndani ya ndege, hupelekwa kwenye joto na baridi kali kwa kupokezana, hutikiswa, hugongwa, hupigwa shoti ya makusudi na huchajiwa kupita kiasi. Haitakiwi kulipuka wala kushika moto.

Hatari kuu ni mlipuko wa joto unaojiendesha wenyewe. Ukoko wa anodi huanza kuvunjika joto la seli linapokaribia nyuzi 100, na kuvunjika huko huzaa joto zaidi. Utando wa polithini huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, kathodi na anodi hugusana, na elektroliti hutoa gesi inayowaka. Fosfati ya chuma hupunguza ukali wa mlipuko huo lakini haiondoi hatari yenyewe. Ndiyo maana huwekwa fyuzi, vizuizi vya joto kati ya seli na nafasi ya gesi kutoka. Betri iliyovimba, iliyoanguka vibaya au iliyoingia maji hutengwa nje ya jengo, mbali na nyingine, kabla ya kufunguliwa. Fundi wa mtaani anayeunga waya kuipita saketi ya kinga ili pikipiki iwake huwa ameondoa ulinzi pekee uliokuwa ukiiona seli dhaifu.

Maarifa yanayohitajika

Kazi hii haina mlango mmoja. Mkemia hueleza kwa nini seli inazeeka. Mhandisi wa umeme hubuni saketi. Mhandisi wa mitambo hushughulikia kasha, mtikisiko na upozaji. Mwandishi wa programu hutengeneza hesabu ya chaji, na mchambuzi wa data hutafuta dalili za ugonjwa katika maelfu ya betri. Wote hukutana na fundi anayelehemu na kupima, ambaye mkono wake huamua kama mchoro utafanya kazi. Usalama wa volti nyingi hufundishwa kabla ya yote: hakuna pete wala saa ya chuma mkononi, vifaa vina mipini ya kinga, na hakuna anayefanya kazi peke yake. Volti 76.8 hazimshtui mtu kama za basi, ambazo ni mamia, lakini spana iliyoangukia nguzo mbili za betri huweza kuyeyuka mbele ya macho.

Mwisho wa betri

Betri ya pikipiki huondolewa barabarani uwezo wake unaposhuka hadi asilimia 80 au 70. Haijafa. Seli zake hupimwa upya, zinazolingana huunganishwa na kupewa kazi nyepesi, kama kuhifadhi umeme wa jua wa duka, zahanati au kituo chenyewe. Upimaji ukirukwa, seli dhaifu huhamishia shida yake kwenye nyumba ya mtu.

Hatua ya mwisho ni urejelezaji. Seli humalizwa chaji, husagwa, na unga mweusi wa anodi na kathodi huchakatwa kwa kemikali ili kupata metali. Unga wenye kobalti na nikeli hulipa vizuri. Wa fosfati ya chuma hulipa kidogo, na hapo ndipo soko likiachwa peke yake huelekea kutupa taka. Pwani ya Kenya inaijua gharama ya uzembe wa namna hiyo: wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathirika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kurejeleza betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri za kiwanda hicho zilikuwa za risasi na asidi, lakini somo lake linazihusu betri zote. Gharama ya kuikusanya na kuichakata betri yapasa kuhesabiwa siku inapobuniwa, kasha liwe la kufunguka bila kuvunjwa, seli ziandikwe kemia yake, na kampuni inayoimiliki iwajibike nayo mpaka hatua hiyo ya mwisho.